YAH: CHUMBA CHA CHINI KILICHOTAKIWA KUWA KARAKANA BADO KINAVUJA

Meneja wa Kampuni,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Naandika kuhusu kazi ambayo mafundi wenu walifanya nyumbani kwangu mwezi wa Februari. Mlilipwa shilingi 3,400,000 zote na risiti yenu ninayo. Tulikubaliana kwamba chumba cha chini kikaushwe, nihamishie humo karakana yangu ya useremala. Mvua za Machi zilipoanza, ukuta wa nyuma ulitoa maji tena.

Nyumba hii imechimbiwa kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za vilima vya Mwanza. Upande wa mbele chumba kiko usawa wa barabara, lakini nyuma ukuta wake umebeba udongo na mawe kwa kimo cha karibu mita mbili. Mvua ikinyesha, maji yanateremka juu ya mwamba. Mwamba haunywi maji, kwa hiyo yote yanajikusanya nyuma ya ukuta ule na kuusukuma. Msimamizi wenu alipokuja kukagua nilimzungusha hadi nyuma, akaona mwenyewe. Akaandika kwenye makadirio: kuchimba nyuma ya ukuta, kuupaka lami upande wa udongo, kulaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, na kuyatoa maji pembeni hadi kwenye mtaro wa barabara. Kazi hiyo peke yake mliitoza shilingi 1,900,000. Kulikuwa na mafundi wa bei ya chini kuliko yenu. Niliwachagua ninyi kwa ajili ya mstari huo.

Nyuma ya nyumba halikupigwa hata jembe moja. Mafundi walipaka rangi ya kuzuia maji upande wa ndani, juu ya lipu ya zamani iliyokwisha kuota chumvi, kisha wakapigilia fremu za mbao na kuufunika ukuta mzima kwa bodi za jipsamu. Rangi ya ndani haiwezi kushindana na maji yanayosukuma kutoka nyuma yake. Inavimba, inaachia, na lipu inabanduka nayo. Jipsamu ndiyo kabisa, inakunywa maji. Nilipong'oa bodi moja nilikuta ukungu mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na fremu zimeanza kuoza. Rangi kubanduka ningeweza kuielewa. Kuufunika ukuta uliolowa ili mteja asiuone, hilo limeniumiza sana.

Nilipopiga simu ofisini kwenu niliambiwa ni jasho la chumba tu, nifungue madirisha. Basi nilichukua vipande vya nailoni vya sentimita 45 kwa 45, nikavibandika ukutani na sakafuni, nikaziba kingo zote kwa utepe wa gundi na kuviacha usiku kucha hadi mchana wa pili. Unyevu wa hewa ungeganda juu ya nailoni, upande wa chumbani. Juu palikuwa pakavu. Matone yalikuwa chini yake. Maji yanatoka kwenye udongo. Picha nimeziambatanisha, pamoja na nakala ya makadirio yenu.

Huenda kwenu hiki ni chumba cha akiba tu. Kwangu ndiyo riziki. Mbao ya mninga iliyokauka hadi unyevu wa asilimia 12 inatulia. Ikikaa kwenye hewa yenye unyevu mwingi inanyonya unyevu huo, na inatanuka. Kabati niliyoiunganisha humo ilipofika kwenye nyumba kavu ilisinyaa, milango ikapinda na viungo vikaachia. Mteja ameirudisha, na ana haki. Meza ya mashine ya kuranda imeshika kutu.

Kuna jambo zito zaidi. Soketi mbili mlizifunga kwenye ukuta huohuo wa nyuma, na kila mvua kubwa ikinyesha breka inajikata. Ni umeme wa volti 230, na vijana ninaowafundisha kazi wanasimama hapo mikono ikiwa kwenye mashine. Nimeuzima umeme wa chumba kizima. Sitauwasha mpaka soketi zihamishwe.

Sihitaji mkono mwingine wa rangi. Nahitaji nyuma pachimbwe na bomba lilazwe kama mlivyoandika, kazi ifanyike kiangazi hiki kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Baada ya hapo jipsamu yote iondolewe, lipu ya zamani ibanduliwe hadi kwenye tofali, ukuta uachwe ukauke ndipo upigwe lipu mpya ya simenti, na soketi ziende kwenye ukuta wa kati ambao ni mkavu. Kama hamko tayari kuchimba, nirudishieni zile 1,900,000 na gharama ya jipsamu, nitafute fundi mwingine.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, nitapeleka barua hii na vielelezo vyake Tume ya Ushindani, inayolinda walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na nakala kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Msimamizi wenu akitaka kuja kuona, karakana iko wazi kwake siku yoyote isipokuwa Jumapili.

Wenu,
Fundi seremala na mteja wenu,
Mwanza