"Hatatembea tena" isisemwe usiku wa kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa moyoni. Watu wanaanguka kwenye miti, wanapata ajali za bodaboda, uti wa mgongo unaumia, halafu ndugu bado wako kwenye korido hawajakaa hata chini wanaambiwa huyu hatatembea tena, mjiandae. Mama yetu aliambiwa hivyo, mdogo wangu alikuwa kadondoka kwenye mparachichi, akaambiwa chezesha miguu, ikakataa, basi, kipimo kikaishia hapo.

Jamani, siku za mwanzo uti wa mgongo unakuwa kwenye mshtuko, kinachoonekana usiku ule sio picha kamili, ndo maana wataalamu wanaamini zaidi kipimo cha baada ya saa 72, na wanakirudia tena na tena. Na chenyewe hakitaki mashine, ni pini, pamba na mtu anayejua. Anagusa sehemu 28 kila upande wa mwili, anapima misuli 10 kila upande anaipa maksi kuanzia 0 mpaka 5, anamalizia pale wengi wanapoona aibu, kuzunguka njia ya haja kubwa. Pale ndo penyewe. Mgonjwa akisikia chochote pale, au akiweza kubana, hayuko daraja A, lile la jeraha baya kuliko yote, yaani uti haujakatika mawasiliano yote, na akisikia pini inachoma, sio pamba tu, uwezekano wa kuja kutembea unapanda.

Hospitali ya pili dada mmoja wa fiziotherapia alimfanyia dogo hivyo. Fumba macho, hii inachoma au butu? Inachoma. Akarudia akibadilisha ncha, akaandika kwenye fomu, akatugeukia akasema hapa kuna kazi ya kufanya. Leo ndani anatembea na magongo, mbali anatumia wilichea.

Sisemi wote watasimama. Kitanda cha pili alikuwepo kijana wa bodaboda, kuanzia kifuani kushuka hasikii kitu, kapimwa na kurudiwa bado ni A, na wa A wanaokuja kutembea ni wachache sana. Aliambiwa ukweli, taratibu, akiwa na ndugu zake, halafu wakamkazania mikono: kujihamisha kitandani kwenda kwenye kiti, kujiwekea mpira wa mkojo mwenyewe, kujigeuza asipate vidonda. Aliruhusiwa anajua maisha yake yataendaje.

Mwaka 2011 jarida la The Lancet lilitoa utafiti wa Ulaya ulioonyesha vitu vitano tu vinatosha kukadiria vizuri nani atatembea mwenyewe baada ya mwaka: umri kama umefika 65, nguvu ya kunyoosha goti, nguvu ya kukanyaga kwa mguu, na kusikia mguso karibu na goti na kwenye kisigino, vyote vikipimwa ndani ya siku 15. Hivyo vinawezekana hata hospitali ya wilaya!

Familia ikikatishwa tamaa mapema inamchukua mgonjwa nyumbani, na miezi 6 ya mwanzo, ambayo mwili unarudisha nguvu nyingi zaidi, inaishia kwenye godoro bila mazoezi. Fomu ya kipimo ni bure mtandaoni. Naomba wizara iagize iwe kwenye faili la kila aliyeumia uti wa mgongo, ijazwe baada ya siku tatu na irudiwe mwezi ukifika, na ndugu wapewe nakala.

Msomaji wenu, Moshi