Barua kwa mwanangu: Usiniandikie kwamba u mzima

Tabora, 14 Septemba 2025

Baba,

Marahaba. Salamu yako ya Ijumaa nimeipata, ile ya sekunde 11. Nimeisikiliza mara tatu na mara zote umesema neno lilelile: uko poa. Upepo unavuma, mtu anaita, halafu kimya. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii anakuletea mwenzako anayekuja kupokea zamu. Asije akakwambia imepotea.

Mwezi uliopita redio ilitangaza kwamba Baraza la Usalama limewaongezea ninyi walinda amani wa Umoja wa Mataifa muda wa mwisho huko Lebanon, hadi 31 Desemba 2026, kisha mtafunga virago. Majirani wakaja kunipongeza kama vile umeshateremka stesheni. Wanasema mapigano yalisimamishwa tangu Novemba 2024, sasa mama unaogopa nini? Sikuwajibu. Nataka unijibu wewe: usiku unalala?

Usikimbilie kusema ndiyo.

Nimelifungua kopo la biskuti la bibi yako. Habari za vita huko Burma, Bonde la Kabaw, matope na kuvuka mto Chindwin pale Kalewa, Desemba 1944, babu yako alikupa mwenyewe ukiwa mapajani pake, sizirudii. Mimi nakwambia habari za barua zake za vitani, kwa sababu barua hukuonyeshwa. Ziko tisa, na postikadi mbili. Zote tisa zinaanza hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Tarehe 12 Februari 1944 Wajapani waliizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na Maldives, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wetu wa Afrika Mashariki waliokuwa wametoka Mombasa siku chache tu kabla. Babu yako alikuwa ameshapita bahari ileile. Barua yake ya mwezi uliofuata inasema yeye mzima, na inauliza bei ya ng'ombe.

Mwandiko si wake. Hakujua kuandika, waliosoma shule ndio waliowaandikia wenzao, na ofisa anaipitia kabla haijafungwa. Huku nako bibi yako hakujua kusoma. Karani alimsomea barazani, majirani wamejipanga kusikiliza. Mume na mke wanazungumza, katikati yao wamekaa watu wanne. Utasema nini hapo, kama si kwamba u mzima?

Nne kati ya hizo ni za baada ya vita. Japani ilipokubali kushindwa, Agosti 1945, bibi yako aliloweka mtama wa pombe wiki hiyohiyo, mumewe anarudi. Pombe ikaiva, ikachacha, ikanywewa na wengine. Meli zilikuwa chache na askari wa kurudishwa makwao walikuwa wengi dunia nzima, hivyo vijana wa Keya, lile jeshi la Kiafrika la Mwingereza, wakabaki India, wamekaa kambini wakingoja zamu yao. Barua moja inasema tunangoja meli. Inayofuata inasema tunangoja meli. Postikadi ya Bombay, yenye picha ya lango kubwa la mawe kando ya bahari, siwezi kukwambia ni ya lini: tarehe ilikuwa kwenye muhuri, muhuri ulikuwa juu ya stempu, na ile stempu yenye kichwa cha Mfalme George ilikatwa kwa wembe na mtoto wa darasa la nne aliyetamani penseli za rangi za mwenzake. Bibi yako alimjua mtoto huyo. Hakuniuliza.

Sasa sikia. Katika barua zote nne babu yako anauliza, je, mtoto ameanza kutembea? Majibu alirudi nayo kwenye begi la jeshi, yamo kopo hilohilo: mtoto hajambo, anakusalimu. Mtoto yule, kaka yangu ambaye sikumwona, alikufa mvua za Machi 1945. Bibi yako hakuweza kulitamka barazani, liandikwe na mtu, likasomwe na mtu mwingine mbele ya kikosi. Akaona atamwambia kwa mdomo. Babu yako akashuka hapa stesheni mwaka 1946 amebeba viatu vidogo vya ngozi, amevinunua India. Viko kabatini mpaka leo. Sote tuliozaliwa nyuma hatukuvalishwa.

Naye uzima wake ukaonekana baadaye. Mvua ikipiga bati usiku, anatoka, anakaa chini ya mwembe, analowa mpaka kunakucha. Tulimcheka. Nilikuwa darasa la saba, sikuwa mdogo kiasi cha kutojua.

Mwaka 2017 vijana wetu waliokuwa wakilinda amani Kongo walipouawa Semuliki, kule Kivu Kaskazini, wewe ulikuwa umeshaanza kuulizia mambo ya jeshi. Baba yako alisema asubiri kwanza. Aliyesema mtoto aende unamjua. Nilipenda heshima yake, sikatai, na picha yako umevaa bereti ya bluu nimeitundika mahali ambapo mgeni haingii bila kuiona. Lakini picha haiongei, na wewe pia huongei. Mkeo anasema anaambiwa hivyohivyo, uko poa. Basi unamwambia nani? Kama huko kishindo kikilia moyo unakuruka, andika. Kama una hasira zisizo na mwenyewe, andika. Andika kwa mkono wako, bila karani wala ofisa. Mimi nasoma mwenyewe, miwani ninayo, na sitamsomea mtu barazani.

Na ule vizuri. Sigara uliyoificha mgongoni kwenye picha ya Juni nimeiona.

Hapa kampeni zimepamba moto, spika zinapita tangu asubuhi mpaka tunashindwa hata kusikilizana. Mjomba wako ameshatayarisha vitalu vya tumbaku, analalamikia mbolea kama kila mwaka. Hela ya tangi la maji haikununua tangi, imekwenda kwenye ada ya mdogo wako. Nilitaka kukwambia tangi likishapatikana kwa njia nyingine. Luku tunaweka ya elfu tano tano. Mwembe umechanua upande mmoja tu. Presha ilinipanda kidogo mwezi wa saba, nikalazwa siku mbili, sasa nakunywa dawa, hukuambiwa kwa sababu ulikuwa kazini.

Mbuzi mweusi amezaa mapacha, wote wazima.

Hapana. Mmoja alikufa Jumanne. Nilikuwa nakuficha hata mbuzi. Aliyebaki ni jike, ana baka jeupe shingoni, ni wako.

Mwenzako anaondoka Alhamisi. Nimempa asali yako nusu lita. Muulize kabla hajafungua begi.

Mama yako