Mtoto mwenye saratani naye asaidiwe kupumua

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu usemi ninaousikia hapa Lamu, hata kwa watu wenye elimu yao, kwamba mtoto mwenye saratani akishabanwa na kifua kwa sababu ya virusi, hakuna haja ya kumkimbiza wadi ya mahututi. Husemwa kwa huruma, lakini huchanganya maradhi mawili: saratani yenyewe na maambukizi ya mapafu.

Mtoto wa lukemia, yaani saratani ya damu, anayetibiwa kwa kemotherapi, dawa za kuua chembe za saratani, hupungukiwa na chembe nyeupe za damu, ndiyo maana virusi vya mafua, surua au RSV (kirusi cha njia ya hewa), ambavyo mwenzake huenda akavishinda nyumbani, kwake huweza kushuka hadi mapafuni na kumkata pumzi. Hata hivyo, dawa hizo zikisitishwa kwa muda, chembe nyingi hurudi, na mapafu yanaweza kupona iwapo mtoto atavushwa salama hadi siku hiyo. Kumvusha ndiyo kazi ya oksijeni na mashine ya kupumulia.

Katika nchi tajiri, mashine hiyo ikishindwa, upo mtambo wa ECMO, unaotoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha. Uliokoa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza mwaka 1975, huko California. Hatari yake ni kubwa, kwani huhitaji dawa ya kuzuia damu isigande, na mtoto wa saratani, ambaye mara nyingi ana upungufu wa chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, huvuja damu upesi. Zamani saratani peke yake ilitosha kumnyima. Sasa madaktari wengi huuliza kwanza kama saratani yenyewe ingali inatibika. Swali hilo ndilo la haki, na jibu likiwa hapana, wazazi waambiwe wazi na mtoto atulizwe maumivu.

Siombi ECMO Lamu. Naomba kila zahanati ya visiwani iwe na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, hospitali iwe na vifaa vya CPAP vya watoto, vinavyosukuma hewa mapafuni, na mgonjwa anayevushwa Mokowe kwenda Mombasa awe na mtungi wa oksijeni wa kumfikisha. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo mwaka 2018 kwamba angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030, ilhali nchi tajiri zimepita asilimia 80. Idara ya afya ya kaunti itueleze, katika bajeti ijayo, imetenga kiasi gani kwa vifaa hivyo.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu