Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wafugaji Wenzangu wa Kondoo

Ndugu wanachama,

Uogeshaji, chanjo na mnada wa Desemba vilifanyika kama mnavyojua. Tuko wanachama 71, waliolipa ada ni 26, na malimbikizo yamefika shilingi 54,000. Mkutano wa Agosti ulivunjika kwa kukosa akidi. Wengi wanaonilaumu leo hawakuonekana siku hiyo.

Sasa suala la sindano. Marufuku ya kuwachoma deksamethasoni kondoo wenye mimba bila idhini ya daktari wa mifugo niliipendekeza mimi, kamati ikaridhia, na sirudi nyuma. Inasemwa nimewanyima dawa ya bei nafuu ya uvimbe na kuchechemea. Hebu tuelewane.

Kortisoli, homoni ya msongo, hufanya kazi kupitia kipokezi, yaani protini inayoipokea, kilicho ndani ya seli. Kipokezi hicho hutulia nje ya kiini cha seli kikiwa kimeshikwa na protini nyingine. Kortisoli ikikinasa, huingia kwenye kiini na kuwasha au kuzima jeni. Kondoo hubeba mimba siku 147 hivi. Zikikaribia kwisha, mwanakondoo mwenyewe tumboni humwaga kortisoli kwa wingi. Vipokezi vya kwenye kondo la nyuma huwasha kimeng'enya kinachosaidia kugeuza projesteroni, inayotunza mimba, kuwa estrojeni, na uchungu huanza. Aliyetuonyesha kwamba amri hutoka kwa mtoto ni mtafiti Graham Liggins wa New Zealand, miaka ya 1960. Aliona pia kwamba wanakondoo waliopewa deksamethasoni wakazaliwa mapema mno walipumua vizuri kuliko alivyotarajia, na mwaka 1972 yeye na mwenzake Howie wakachapisha matokeo ya tiba ya aina hiyo kwa akina mama wajawazito. Dawa hizo zinaokoa watoto mpaka leo, lakini hospitalini, kwa kipimo.

Deksamethasoni hukamata kipokezi hichohicho, tena kwa nguvu kuliko kortisoli. Uvimbe wa mguu utapungua, lakini jike aliyekaribia kuzaa anaweza kuzaa siku mbili tatu baadaye. Nimemshika mwanakondoo wa namna hiyo zizini kwa mwenzetu, mama yake alichomwa kwa ajili ya kwato: manyoya mafupi, ulimi baridi, mbavu zikizama kila akivuta pumzi. Hakufika jioni.

Semina niliyoiandaa kueleza haya ilihudhuriwa na watu tisa. Nimezungumza na daktari arudi, na ada zikilipwa tunatumaini atakuja kabla ya masika. Marufuku inaendelea.

Mwenyekiti