Burma ya babu yako

Tukuyu,
Jumapili jioni

Mama Neema mpenzi,

Kamwene. Sisi huku wazima, ila mvua haijakatika tangu Alhamisi, nguo zinanuka moshi kwa kukaushiwa jikoni.

Siku ile Makambako basi lilitukatisha maneno. Ulisema Neema asiwataje wasanii wa Burma kwenye tamasha, aimbe tu, mambo ya serikali na wanajeshi wa nchi za watu awaachie wenyewe. Kabla sijajibu, konda akagonga bodi. Jibu nimelala nalo wiki nzima, sasa nalitoa.

Nalitoa kwa Burma, ambayo siku hizi inaitwa Myanmar, kwa kuwa nchi hiyo ilitajwa nyumbani kwenu kabla hatujazaliwa. Unakumbuka babu yako alivyotusimulia ukeya wake, uaskari wa jeshi la Waingereza, lile tope la bonde la Kabaw mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikisonga mbele kwenye mvua mpaka Kalewa? Bonde hilo liko mkoa wa Sagaing, na Sagaing ndiko watu walikoinuka zaidi kupigana na jeshi lililopindua serikali tarehe 1 Februari 2021.

Kuna mchekeshaji wa kule anaitwa Zarganar. Jina hilo la jukwaani maana yake ni kibano. Alisomea udaktari wa meno, kisha akaamua kuwachekesha watu kwa kuwasema majenerali, na wakati huo majenerali walikuwa wametawala tangu 1962. Mei 2008 kimbunga Nargis kikapiga bonde la mto Irrawaddy, nchi ya mpunga kama Kyela yetu. Waliokufa na kupotea walifika kama 138,000. Jeshi likachelewesha misaada ya kutoka nje huku watu wanakufa. Zarganar akawakusanya wasanii wenzake na watu wa kujitolea, wakabeba chakula na maji wakaingia huko bondeni, na aliporudi akawaambia waandishi wa nje alichokiona. Juni akakamatwa. Novemba wakampa miaka 45, siku chache baadaye wakaongeza 14. Miaka 59, Mama Neema! Baadaye ikapunguzwa hadi 35, naye akafungwa Myitkyina, kaskazini kabisa, mbali na ndugu zake wa Yangon.

Alipeleka chakula kwa wenye njaa, akasema kweli. Basi.

Mimi mwalimu ningepita nyumba kwa nyumba na ndoo yangu, ningepata debe mbili za mchele. Yeye watu walimpa kwa sababu walimjua, walishacheka naye miaka na miaka, wakaamini kuwa mzigo utafika. Na alipofungwa, umaarufu ule ule ulifanya jina lake lisifukiwe gerezani. Waigizaji na waandishi wa Ulaya walilitaja hadi akaachiwa Oktoba 2011. Sisemi wao ndio waliomtoa. Nasema mfungwa anayetajwa si sawa na mfungwa aliyesahauliwa.

Hao wa nje siwadharau. Mwaka 2007 Jim Carrey alitoa video ya kumtetea Aung San Suu Kyi, mama mpinzani wa majenerali aliyekuwa kizuizini, akawafundisha watazamaji namna ya kulikumbuka jina lake. Ni kazi njema, lakini usiku alilala kwake. Tena walikosea kumrundikia mtu mmoja matumaini yote. Nami nilikosea. Picha ya mama yule niliibandika darasani, na Desemba 2019, alipokuwa kiongozi wa serikali na kwenda mahakama ya dunia The Hague kuitetea nchi yake dhidi ya shtaka la mauaji ya kimbari ya Warohingya, Waislamu walio wachache kule, wakati zaidi ya 700,000 walikuwa wamekimbilia Bangladesh, niliibandua kwa mkono wangu. Niliumia siku ile. Siku ya mapinduzi ya 2021 alikamatwa tena, na hilo nalo ni dhuluma. Yote mawili nayasema.

Najua unachokiogopa, na sitakudanganya. Aprili 2021 televisheni ya taifa ya kule ilitangaza usiku baada ya usiku majina ya waigizaji na waimbaji wanaotafutwa, kwa kuwa tu waliunga mkono wananchi. Na Phyo Zeya Thaw, kijana wa rapu aliyekuja kuwa mbunge, walimnyonga Julai 2022 pamoja na wenzake watatu. Alikuwa na miaka 41. Familia hazikupewa hata miili zikazike. Niliposoma habari hiyo nilimfikiria mama yake, nikakufikiria wewe.

Kwa hiyo simwambii Neema apande jukwaani kesho akahutubie. Anachotaka ni kuwataja wasanii wa Burma kwenye tamasha, dakika mbili, kisha aimbe. Yeye yuko Iringa, hakuna atakayemgusa kwa hilo, na kule kuna waliopoteza kila kitu kwa maneno machache kuliko hayo. Mruhusu, Mama Neema. Wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha kuimba.

Medali ya babu bado iko kwenye lile sanduku la bati? Naomba uipige picha, niwaonyeshe Kidato cha Nne. Mchele nimeupakia basi la Jumanne, Neema akaupokee Ipogolo asubuhi, asichelewe, konda ana haraka.

Rafiki yako,
Mama Bahati