Mwanangu alizaliwa njiti, aende la kwanza Januari au arudie awali?

Habari zenu wapendwa, hasa wamama mliowahi kulea njiti. Niko Moshi huku Pasua, mwanangu wa kiume alizaliwa mwishoni mwa Oktoba 2019 mimba ikiwa na wiki 29, kilo 1.1, tukakaa wodini wiki saba, mara oksijeni mara taa za kutibu manjano, maziwa kwa mpira wa puani, na mi nimemfunga kifuani kangaruu usiku na mchana. Namshukuru Mungu alipona, sa hivi ukimuona anavyokimbia huwezi kujua.

Shida imeanza chekechea. Madam akisema chukueni penseli, mchore duara, alafu mlete madaftari, yeye anachukua penseli anabaki amesimama nayo. Sio ukaidi, yale mengine yameshampotea. Penseli anaikamata kwa ngumi anakandamiza mpaka karatasi inachanika. Lakini nyumbani nikimmwagia maharage kwenye sinia, tuko wawili tu, redio nimezima, anahesabu mpaka ishirini bila kuruka na mabovu anayatoa pembeni mwenyewe. Darasani wako zaidi ya sabini na yeye yuko dawati la nyuma. Ripoti wameandika "mzito kuelewa". Niliishika ile karatasi kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo.

Alafu kuna hili linaloninyima usingizi. Tarehe yangu ya kujifungua ilikuwa katikati ya Januari 2020. Kliniki mpaka anafika miaka miwili walikuwa wanatoa kwenye umri wake zile wiki 11 alizowahi kuzaliwa, ndo wanaangalia kama amekaa au ametambaa, na nesi alinielewesha kwamba zile wiki za mwisho tumboni ubongo unakua kwa kasi sana kwahiyo nisimlinganishe na wenzie. Shule hawatoi hata wiki moja. Angezaliwa siku yake tungesubiri la kwanza mpaka 2027 na hakuna ambaye angeshangaa, sasa anatakiwa aende Januari hii hii kwa sababu tu aliwahi kutoka.

Mi nataka arudie awali. Baba yake hataki, anasema atachekwa na mdogo wake atamfikia, mama mkwe nae anasema nimwache atakua tu, mbona hata baba yake alichelewa kuongea. Nawaheshimu, ila mi ndo nakaa nae na daftari jioni. Na kurudia kwenyewe kunanitisha, maana akirudi kwenye kelele zile zile na dawati lile lile la nyuma atakuwa amepata nini?

Naombeni ushauri, aliyewahi kumrudisha njiti awali, ilimsaidia? Madam nimwambieje amkalishe mbele na ampe agizo moja moja bila kuona namfundisha kazi? Na masikio hajapimwa tangu azaliwe, nimesikia manjano yakizidi yanaweza kugusa masikio, nianzie kliniki ya watoto au niende moja kwa moja kwa daktari wa masikio? Fomu ya la kwanza wanaitaka Ijumaa ijayo, baba yake ameshaijaza na imebaki sahihi yangu.