Kwa nini mzee hapewi dopamini yenyewe

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Swali lako nimelipenda: ikiwa mzee, kwa ugonjwa wake wa Parkinson, kapungukiwa na dopamini, kemikali ya kupelekeana ujumbe ubongoni, mbona asipewe hiyo dopamini, badala ya vidonge vya levodopa vyenye masharti kama ya mganga?

Seli za neva za ubongo hazikuungana. Baina ya moja na nyingine mna mwanya: gawa milimita moja vipande 50,000, uchukue kimoja. Umeme unaokimbia ndani ya seli ukifika ukingoni, mara nyingi hauvuki. Ni kama sisi na Likoni hapa Mombasa: matatu inaishia hapo, ng'ambo utavuka kwa feri. Nchani mwa seli mna vifuko vidogo vilivyojaa kemikali, na kwa seli hizi zinazomsumbua mzee, kemikali hiyo ni dopamini. Umeme ukifika, kalsiamu huingia kwa kasi, vifuko hugandama kwenye ukuta wa seli, hufunguka, dopamini ikamwagika mwanyani. Vipokezi vya upande wa pili huinasa. Kisha nyingi yake hurudishwa ilikotoka, itumike tena. Yote hayo ni kufumba na kufumbua.

Ugonjwa wa Parkinson huua seli hizo zinazousaidia mwili kujongea vyema, ambazo makao yao ni eneo dogo jeusi chini katikati ya ubongo. Dalili zinapojitokeza, nyingi huwa zimeshakufa. Ndiyo maana kifungo cha shati kinamchukua muda wote ule, na mwandiko wake umekuwa wa herufi ndogo ndogo. Anayesema mzee ni mvivu, au karogwa, mnyamazishe.

Sasa, dopamini ukiimeza haifiki. Mishipa ya damu ya ubongo ina kizuizi kinachoikataa. Levodopa hupita, na ikishaingia hugeuzwa dopamini. Arvid Carlsson, Mswidi, alilionyesha jambo hili mwaka 1957. Aliwapa sungura reserpini, dawa inayokausha kemikali za namna hii, wakalala hoi, hata kujisogeza hawawezi. Akawapa levodopa, wakainuka. Nobel alikuja kuipata mwaka 2000; walimchelewesha, kwa maoni yangu.

Masharti nayo yana sababu. Levodopa huingia mwilini kwa milango ile ile inayopitisha protini iliyosagwa tumboni. Akimeza kidonge pamoja na mbaazi, vinasukumana mlangoni, na kidonge ndicho kinachoshindwa. Ampe tumbo nafasi: kidonge kwanza, mbaazi na mahamri baada ya nusu saa hivi. Akisikia kichefuchefu, kipande cha mkate mkavu hakimdhuru. Kabidopa iliyochanganywa humo kazi yake ni kuizuia levodopa isigeuzwe kabla ya kufika ubongoni, na hupunguza hicho kichefuchefu pia.

Hapa dukani kwangu pa dawa, watu wengi hunijia wakisema wameacha dawa kwa sababu mgonjwa kapata nafuu. Mzee asiache ghafla hata siku moja, ni hatari. Vidonge vikikaribia kwisha, nipigie mapema nimwekee.

Wako,
Saumu